Fundi Mansuri na Redio za Milimani

Sisi majirani zake pale Kasulu tulisema Mansuri hakuumbiwa kiti. Alikuwa na meza ya ufundi barazani kwake, karibu na soko, na juu ya meza hiyo redio mbovu hazikukosekana. Lakini ukipita asubuhi unamkuta amesimama, ukipita adhuhuri amesimama, bisibisi mkononi, jicho njiani. Chai aliinywa akizunguka uani. Mkewe, Mwajabu, alikuwa akimpakulia mapema kuliko wengine wa nyumba, kwa sababu akishakaa mkekani hamalizi matonge kumi kabla hajakumbuka jambo la kumwinua.

"Baba Faudhia, unakula kama mtu anayekimbizwa."

"Nani anikimbize? Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Saa moja baadaye utamwona anatafuna muhogo wa kuchoma njiani, anakwenda zake.

Alizaliwa Kibondo. Baba yake alikuwa mtu wa Pangani aliyekuja na cherehani akaishia kuoa kwa Waha na kuzikwa huko huko. Mansuri mwenyewe alijifunza redio Tabora, kisha akaoa Kasulu, na kwa kuwa mama yake alikuwa Muha, Kiha, lugha ya milimani, alikizungumza kama maji. Hilo ndilo lililomfungulia nyumba za watu. Kila Oktoba, kabla mvua kubwa hazijaharibu njia, alifunga mkoba wake wa turubai: koleo, bisibisi, chuma cha kulehemu anachokipasha moto kwenye makaa kwa sababu huko juu umeme haupo, msokoto wa risasi ya kulehemia, na bati la biskuti lenye vipuri. Anapanda Heru Juu, anakwenda hadi Munanila kwenye mpaka wa Burundi, kisha anafuata migongo ya vilima kwenda Kitanga, anateremkia Makere na kurudi nyumbani kwa lori. Siku kumi na mbili, kumi na nne. Kila siku nyumba nyingine, kila usiku mkeka mwingine. Watu walimngoja, maana huko redio ikifa Februari hubaki imekufa hadi Fundi apite.

Yeye alisema anafuata kazi. Mwajabu alisema kazi ni kisingizio, miguu ndiyo inayomwasha.

Mwaka wa tisini na tatu waligombana. Binti yao Faudhia alikuwa amepata mchumba, na wazee wa upande wa mume walikuwa waje Jumapili ya mwisho wa Oktoba. Mwajabu alitaka mumewe asiondoke kabisa mwezi ule.

"Nitarudi Alhamisi kabla yao," Mansuri alisema.

"Apa."

"Wallahi, Alhamisi."

Akaondoka Jumamosi alfajiri, chai yake ikiwa bado moto kikombeni.

Heru Juu alilala kwa katekista mmoja, Kipriani, aliyezoea kumpokea. Alitengeneza redio nne pale kijijini, zote ugonjwa mmoja: transista zimekufa. Alizibadilisha kwa zile alizonunua Kibondo kwa rafiki yake Tamimu, mwuza betri na vipuri. Zilikuwa za bei nafuu, hazina hata maandishi, na tangu azinunue moyo wake haukuzitulia. Zilifanya kazi, ndiyo. Lakini fundi akishaitilia shaka kazi yake mwenyewe hata usingizi unakuwa na mawe. Jumatatu na Jumanne alitembea katika manyunyu, akipanda na kuteremka, akiwaza zile redio nne alizoziacha nyuma.

Jumanne jioni alifika Munanila kwa mama mmoja aliyeitwa Vestina. Watu walimwita Mama Niyo, kwa jina la mwanawe wa kwanza, Niyomwungere. Ukisimama nyuma ya jiko lake unaiona Burundi, vilima vilevile, migomba ileile. Alivuka kutoka huko mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji, msichana wa miaka kumi na minne, mgongoni amembeba mdogo wake Reverien wa miaka mitatu. Wazazi wao hawakufika. Vestina alimlea yule mtoto kwa jembe la vibarua, akaolewa na mtu wa Munanila aitwaye Tharsisi kwa sharti kwamba anakuja na mdogo wake, na akamwona amekua, ameoa na kuhamia upande wa wakwe, amepata watoto wawili.

Mwaka ule wa tisini na tatu, uchaguzi ulipokwisha kule Burundi, wakimbizi wengi wa zamani walianza kurudi. Reverien naye alisema anarudi.

"Dada, siwezi kulima la watu wakati la baba lipo."

Vestina alimkatalia, akalia, mwisho akamfungia maharage ya mbegu. Agosti Reverien akavuka na mkewe Immakulata na watoto wao. Redio yake alimwachia dada yake. Mwendo wa siku moja tu ulikuwa kati yao, lakini Vestina aliishi kwa sauti ya Bujumbura: ikicheza nyimbo, ikitangaza bei ya kahawa, alijua mdogo wake amelala salama. Septemba redio ikanyamaza. Wiki tano alimngoja Fundi.

"Ulipotelea wapi?" alimlaki, kabla hata ya salamu. "Mwaka huu umechelewa."

"Mama Niyo, leo ni tarehe kumi na tisa. Mwaka jana nilikuja tarehe ishirini na mbili."

"Mwaka jana sikuwa na mtu ng'ambo."

Jumatano asubuhi aliifungua redio uani. Transista tena. Akatia mpya, akalehemu, kisha akaigusa kidogo koili ili stesheni ikae sawasawa. Vestina alikuwa amechuchumaa pembeni hatazami kitu kingine. Mshale ulipofika mahali pake, Bujumbura ikaingia, mtangazaji anasoma matangazo kwa Kirundi, sauti safi kama yupo nyuma ya ua. Vestina akaziba mdomo kwa mkono, akacheka.

"Mana yanje! Mungu wangu, iko hai."

Akampa Mansuri ndizi za kupika na maharage. Mansuri akaanza kula amesimama.

"Fundi, kwetu mgeni akila amesimama anatuambia chakula ni kibaya."

Akakaa. Lakini alipomaliza tu alikwishafunga mkoba. Alasiri ile ile alivuka bonde hadi mgongo wa kilima cha pili, kwa Mzee Mpawenimana, mkulima wa kahawa ambaye mkewe alikuwa amefariki na redio ndiyo ikawa mtu wake wa kuzungumza naye. Kabla giza halijaingia redio ya mzee ilikuwa inasema. Wakasikiliza Bujumbura pamoja, wakalala.

Alhamisi kulipopambazuka Mansuri aliamshwa na sauti ya mzee.

"Fundi. Amka uone redio yako. Imelala."

Aliposema "redio yako", Mansuri alijua amekwisha kushitakiwa. Akatoka. Mzee alikuwa ameishika redio kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika kuku mgonjwa. Mshale upo mahali pake, betri zina nguvu, spika inavuma shshshsh, Bujumbura haipo. Mansuri akauzungusha mshale. Dar es Salaam ilisikika kwa mbali, ikipanda na kushuka. Akarudi kwa Bujumbura. Shshshsh.

"Jana ilikuwepo," alisema mzee.

"Nilikuwepo, mzee wangu, niliisikia."

"Sasa umeifanya nini?"

Mansuri akawasha makaa, akaifungua. Alikagua lehemu moja moja. Aliigusa koili mbele, akaigusa nyuma. Baridi ya asubuhi, alifikiri; zile transista za Tamimu zinapopoa zinahama. Alikuwa bado ameinamia kazi aliposikia mtu anapanda njia kwa haraka, anahema. Alikuwa Vestina, redio ameifunga kwenye kanga kifuani.

"Mwakeye," alimwamkia mzee, kisha akageuka. "Fundi, umeifanyia nini redio ya mdogo wangu?"

Redio mbili. Siku moja, vilima viwili, ugonjwa mmoja, mkono mmoja. Akawaza zile nne za Heru Juu. Akawaza Kipriani anasema kanisani, jamani, yule Fundi ametuharibia. Miaka kumi na tano alikuwa akilala katika nyumba hizi, anakula chakula chao, na hata mara moja hajapita mahali mtu akamficha uso.

"Ngojeni," alisema. "Kwa Abbasi dukani ipo redio ambayo sijawahi kuigusa. Twende tukaisikilize. Yake ikisema, basi kosa ni langu, na mimi sitoki Munanila mpaka nimelirekebisha."

Mzee Mpawenimana alibaki na mbuzi wake. Wao wawili wakashuka bondeni na kupanda tena, mwendo wa saa nzima, njia inateleza, na Vestina hakunyamaza hata hatua kumi. Alimwambia kwamba alikuwa na redio mbovu isiyosema kitu chochote, sasa ana redio inayosema Dar es Salaam ambako hana ndugu. Alimwambia kwamba mtu asiyekaa chini hawezi kazi ya kukaa chini. Mansuri alikubali yote. Alitembea mbele, upesi, upesi mno, akawa anasimama kumngoja huku vidole vinacheza kwenye mkanda wa mkoba.

Abbasi alikuwa mtu wa Ujiji, muuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Redio yake ya bendi tatu ilitoka Kigoma mwezi uliopita, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa nyuma. Walimkuta ameiinamia juu ya meza ya duka, anazungusha.

"Ah, Fundi, Mungu amekuleta," alisema Abbasi. "Hii nayo tangu alfajiri Bujumbura haishiki."

Mansuri akaichukua, akatega sikio. Shshshsh. Akaijaribu upande wa masafa mafupi. Shshshsh. Uzito wote wa asubuhi ile ukamtoka kifuani mara moja.

"Alhamdulillahi!" alisema, akapiga meza kwa kiganja, akacheka kwa sauti. "Kumbe si mimi! Abbasi, si mimi! Stesheni yenyewe ndiyo haipo hewani!"

Akageuka kumpa Vestina habari njema. Vestina alikuwa ameshika nguzo ya baraza.

"Kama si wewe," aliuliza polepole, "basi ni nini?"

Kicheko kile Mansuri alikikumbuka maisha yake yote. Aliwahi kuniambia kwamba amefanya makosa mengi, ya vipuri na ya watu, ila hakuna lililomchoma kama kucheka pale, mbele ya yule mama, kwa furaha kwamba kosa si lake.

Hakuna aliyekwenda nyumbani. Watu walizidi kuja dukani, kila mmoja na redio yake au na swali lake. Mansuri ndiye aliyeshika mshale, na hakuuacha. Baadaye, stesheni ya Kigali ikaingia, na kwa kuwa lugha ya kule Rwanda haiko mbali na Kiha, kila aliyekuwa barazani alielewa bila kufasiriwa: kule Burundi wanajeshi wameipindua serikali usiku. Rais haijulikani yuko wapi.

Vestina alimkabidhi Mansuri redio, kanga na yote, akaondoka kwa mguu kuelekea mpakani.

Ijumaa Mansuri alijiambia kwamba habari hizi ni kubwa kuliko yeye. Alikuwa na nyumba za kupita hadi Kitanga, alikuwa na kiapo cha Alhamisi ijayo. Akafunga mkoba, akaagana na Tharsisi, akashika njia ya migongo ya vilima. Alipofika juu ya kilima cha pili akakutana na mwanamume amebeba cherehani kichwani, nyuma yake watoto wanne wameshikana nguo kama msafara wa siafu. Nyuma yao wanawake wawili. Nyuma yao wengine. Mansuri aliwauliza wanatoka kilima gani, wakamtajia. Hakikuwa cha Reverien. Akawapisha. Alisimama pale hadi wa mwisho alipopita, na alipoanza tena kutembea alijikuta anarudi Munanila.

"Sikuamua," alisimulia. "Miguu tu."

Alimkuta Vestina kwenye njia inayotoka mpakani. Hakuwa amelala wala kula tangu jana. Kila aliyevuka alimshika mkono: Reverien, mrefu, ana pengo hapa mbele, mke wake Immakulata, binti wa miaka sita, mtoto wa mgongoni.

"Mama Niyo, wewe kaa hapa kwenye njia," Mansuri alimwambia. "Lakini mpaka huu ni mrefu, watu wanavukia kila bonde. Mimi nyumba zote za milima hii nazijua. Nitazipita."

"Na nyumbani kwako?"

"Nyumbani wapo."

Alikuwa na daftari la kazi, mlango mmoja mmoja, kijiji hadi kijiji: kwa fulani, spika imechanika, kwa fulani, uzi wa mshale umekatika. Sasa likawa daftari la kitu kingine. Aliingia nyumba hiyo hiyo ya spika, akakuta watu ishirini wamelala juu ya mikeka ya kuanikia kahawa, akawauliza majina na vilima vyao, akayaandika chini ya spika. Aliacha jina la Reverien, akachukua ya wengine. Nyumba ya tatu, ya nne, ikatokea kwamba jina alilolibeba kutoka chini lilikuwa linaulizwa juu. Mama mmoja alimrukia shingoni kwa sababu ya mstari mmoja wa kalamu. Habari zikamtangulia, na kufikia siku ya tatu watu hawakumsubiri abishe. Walitoka kumlaki njiani wakipiga kelele za majina.

Hakuweza kutulia popote. Walimpa uji akaunywa akiandika. Walimpa mkeka akalala juu yake macho wazi, akisikia pumzi za watu wengi katika chumba cha watu watatu, na kabla jogoo hajawika ameondoka. Mvua ikamla viatu. Gundi ikaachia, akazifunga soli kwa waya wa shaba aliouleta kwa ajili ya antena.

Alhamisi ile aliyoiapa ilimkuta upande wa Kitanga, kwa mkulima mmoja aliyekuwa amemtengenezea redio mwaka juzi. Uani palikuwa na wanawake wanamenya mihogo. Mmoja, mwembamba, mtoto mgongoni, hakuinua kichwa Mansuri aliposalimia. Akasoma majina yake kama alivyozoea. Alipofika kwa Reverien, kisu kikasimama.

"Unamjua?" aliuliza yule mwanamke.

"Sura yake siikumbuki. Nimetengeneza redio yake."

Hapo Immakulata akalia, mara ya kwanza, wenzake walisema, tangu afike.

Alipoweza kusema, alieleza kwamba walikimbia Jumamosi na watu wa kilima chao. Mtoni milio ya bunduki iliwatawanya. Reverien alikuwa amembeba binti yao mkubwa, Ininahazwe, akaenda upande wa juu wa mto. Yeye na mtoto mchanga wakasukumwa upande wa chini. Tangu hapo hajui.

Mansuri aliwatembeza siku mbili kurudi Munanila, akibeba mzigo wao na mkoba wake, akijilazimisha kwenda mwendo wa mwanamke mwenye mtoto. Walipotokea kwenye njia Vestina aliwaona kutoka mbali. Alikuja mbio. Lakini kabla hajamkumbatia wifi yake alitazama nyuma yao, njia ile yote hadi inapokunja, akangoja kidogo. Kisha akamfungua mtoto mgongoni kwa mama yake, akamshika.

Nyumbani Kasulu Mansuri aliingia Jumanne, siku mbili baada ya wageni kuja na kuondoka. Mwajabu hakumwitikia hodi. Alimletea maji, akaona viatu, akaona vidole, akarudi jikoni. Aliporudi alikaa mbali.

"Saidi alikaa mahali pako," alisema. Saidi alikuwa kaka yake Mwajabu.

"Namshukuru Saidi."

"Usimshukuru. Watu waliuliza baba wa binti yuko wapi. Nikasema amekwenda kutengeneza redio. Faudhia alikuwa nyuma ya pazia anasikia."

Mansuri hakujitetea. Alimwita Faudhia, akamwomba radhi mbele ya mama yake, kisha akawasimulia wote wawili, kuanzia redio ya Mzee Mpawenimana. Aliwasimulia hata kile kicheko. Faudhia alilia. Mwajabu aliendelea kuchambua mchele, na alipomaliza ungo mzima ndipo akauliza:

"Na huyo mtoto wa miaka sita, nani anamtafuta?"

Mansuri alikwisha tuma jina lake Kibondo. Kambi mpya zilifunguliwa upande ule, na Tamimu alikuwa akipeleka betri huko kila wiki. Faudhia aliolewa Desemba, baba yake yupo, amekaa kwenye kiti kuanzia khutba hadi dua, jambo lililowashangaza wengi. Katikati ya Januari dereva wa lori akaleta salamu za Tamimu: yupo mtoto anaitwa Ininahazwe, ni yatima au amepotea, anaishi na bibi mmoja asiye ndugu yake, hasemi na watu.

Mansuri akasimama kutafuta mkoba. Mwajabu naye akasimama.

"Tunakwenda wote. Mtoto wa kike aliyeogopeshwa, wewe utamfanyia nini na bisibisi zako?"

Walipanda lori la Kibondo juu ya magunia. Kambini yule mtoto alipomwona Mansuri alijificha nyuma ya bibi. Mwenye kuandikisha watoto waliopotea aliwaeleza kwa upole kwamba mtoto hapewi mtu asiye jamaa, hata awe na nia njema namna gani. Mama yake aje mwenyewe. Mansuri aliona ni haki. Akapanda lori la kurudi siku ile ile, kwenda Munanila kumchukua Immakulata. Mwajabu alibaki. Siku saba alikwenda kambini kila asubuhi kutoka mjini, akikaa mbele ya kibanda cha yule bibi, akimsuka nywele binti wa jirani. Siku ya tano Ininahazwe akaja mwenyewe, akakaa kati ya magoti yake, akainamisha kichwa kisukwe.

Immakulata alipofika, mtoto hakumrukia kama tulivyotarajia tuliposimuliwa. Alimtazama, akauliza, "Mdogo wangu yuko wapi?" Akaonyeshwa, mgongoni. Akaihesabu miguu ya mdogo wake, mmoja na wa pili, kwa vidole vyake, ndipo akamshika mama yake nguo, na hakuiachia hadi Kasulu.

Njiani ndipo aliposema habari za baba yake. Alinivusha, alisema, akaniweka kwenye nyasi, akarudi kumchukua bibi mmoja aliyekuwa hajui kuogelea. Zaidi ya hayo hakuna aliyepata kujua.

Mansuri aliendelea kuuliza. Oktoba ya tisini na nne, ya tisini na tano, ya tisini na sita, redio alitengeneza, lakini katika kila nyumba, chuma kikiwa kwenye makaa, alilitaja lile jina: Reverien, mrefu, ana pengo mbele. Aliuliza kambini, aliuliza kwenye malori. Mara mbili aliambiwa yupo, mara mbili alitembea siku nyingi kumkuta Reverien mwingine. Na kila mara Munanila ilipata habari kwamba Fundi amepata fununu.

Oktoba ile ya tisini na sita Vestina alimngoja kwenye njia, nje kidogo ya ua wake. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi.

"Fundi, nina ombi. Acha kuuliza."

"Mama Niyo, bado upande wa—"

"Nisikilize. Kila ukiuliza, mimi naacha jembe. Nakaa nasikiliza njia mwezi mzima. Miaka mitatu sijaweza kumlilia mdogo wangu, kwa sababu wewe bado unamtafuta. Padri amekubali kusoma misa Jumamosi. Nataka nikae chini nimlilie."

Mansuri alikaa siku nne kwa Vestina na Tharsisi, hakugusa mkoba, na Jumamosi alikaa nje ya kanisa na wazee mpaka ibada ikaisha. Jumapili akaendelea na safari.

Nyumba ya kwanza aliyoingia ilikuwa mpya kwake, ya watu waliohamia karibuni. Mwenye nyumba alimpa kigoda, akamletea redio na makaa. Mansuri alitia chuma motoni, akainua uso, akafungua mdomo kulitaja lile jina. Yule mtu akamtazama, akingoja.

Akaomba maji ya kunywa.